Kufuatilia Safari za Ng'ombe kwa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: maofisa wa mifugo waliokabidhiwa jukumu la kuanzisha mfumo wa taifa, mafundi wa kompyuta watakaoujenga, na wafugaji watakaobebeshwa mzigo wa kuutumia kila siku. Mengine yana jibu la sentensi mbili. Mengine yanataka subira.

Ukiondoa maneno makubwa, mfumo huu ni kitu gani?

Ni daftari moja la taifa, lililo ndani ya kompyuta, linaloweza kusema ng'ombe huyu ni yupi, leo yuko wapi, na kabla ya hapa alipita wapi. Ukiyajua hayo kwa kila ng'ombe, jingine linapatikana lenyewe: alikaa na ng'ombe gani wengine, lini, kwa muda gani. Hilo ndilo daktari wa mifugo analolitaka siku ya ugonjwa.

Ndani ya daftari kuna mnyama mwenye namba yake, mahali penye namba yake, mtu anayewajibika, na tukio. Tukio ni kuzaliwa, kuondoka, kufika, kufa, kuchinjwa, kuingia nchini au kutoka. Watu wengi wakisikia mradi huu hufikiria hereni za masikioni, na bajeti nayo huelekea hukohuko. Hereni ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye matukio: kila ng'ombe anapobadilisha mahali awepo mtu wa kutoa taarifa, na taarifa ifike ikiwa bado ina faida.

Vibali vya karatasi vya kusafirisha mifugo vipo. Havitoshi?

Kibali kinaonyesha kwamba mifugo iliruhusiwa kuondoka. Hakionyeshi kama iliondoka kweli, ilikuwa mingapi iliposhuka kwenye lori, wala kama ilishukia palepale palipoandikwa. Tena nakala iko kwenye jalada la ofisi iliyokitoa, na anayeihitaji yuko mkoa mwingine saa nne usiku, mbele ya zizi zima linalodondosha mate.

Ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kujificha mwilini siku 2 hadi 14, na mnyama huanza kuambukiza wenzake kabla hajaonekana mgonjwa. Uingereza, Februari 2001, uligunduliwa kwa nguruwe waliofikishwa machinjioni huko Essex. Wakati huo virusi vilikuwa tayari vimeingia katika mashamba yasiyopungua 57, vikibebwa zaidi na kondoo waliopita minadani, na kondoo hawakuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja kama ng'ombe. Hadi mlipuko unazimwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa. Hakuna kompyuta ambayo ingevizuia virusi kuingia. Ila zile siku za kuulizana "kundi lile lilielekea wapi" zingepungua, na katika ugonjwa huu siku moja ni mashamba mengi.

Sababu nyingine ni soko. Machi 1996 Umoja wa Ulaya ulizuia nyama ya ng'ombe kutoka Ufalme wa Muungano wote isiuzwe nje, kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe. Ireland ya Kaskazini ilikuwa na kumbukumbu za ng'ombe wake kwenye kompyuta tangu miaka ya 1980, kwa hiyo iliweza kuthibitisha kila mnyama alikotoka na kundi alilokulia. Ilifunguliwa mlango wa kuuza tena Juni 1998. Wenzao wa sehemu nyingine za ufalme walingoja hadi Agosti 1999. Ukitaka hoja ya kumpelekea waziri wa fedha, peleka hiyo.

Basi tuanze na kuvalisha hereni?

Hapana, anzeni na mahali. Kila zizi, ranchi, mnada, machinjio, kituo cha karantini na eneo la malisho ya pamoja lipewe namba ya kudumu, na alama yake kwenye ramani ichukuliwe kwa simu mtu akiwa amesimama palepale. Namba iwe ya mahali, isiwe ya mtu. Shamba likiuzwa namba inabaki, anabadilika mwajibikaji.

Tenganisheni pia mwenye ng'ombe na anayewatunza. Mwenye mali anaweza kuwa anaishi mjini, ng'ombe wako kwa mjomba wake, na anayewachunga ni kijana wa kuajiriwa. Ugonjwa hauangalii hati ya umiliki; unaangalia ng'ombe walipo. Mfumo uliojengwa juu ya jina la mwenye mali utamwonyesha ng'ombe yuko mjini, ghorofa ya tatu.

Sheria nayo iwepo kabla ya seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo. Isipokuwepo, mfumo ni ombi tu, na maombi hutimizwa na wale ambao hata hivyo hawakuwa tatizo.

Kila ng'ombe nchini lazima avalishwe kwa mkupuo mmoja?

Si lazima. Nchi nyingine huanza na ndama wote waliozaliwa baada ya tarehe fulani. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza: kompyuta yao ilianza kazi Septemba 1998, makao yakiwa Workington, na ng'ombe wa zamani wakaingizwa baadaye. Nyingine, kama Australia, husema ng'ombe avalishwe kabla ya kutoka shambani. Njia ya pili inapeleka hereni kwanza kwa wanyama wanaosafiri, ambao ndio hubeba ugonjwa kutoka mahali hadi mahali. Kama fedha ni chache, mimi ningeichagua hiyo.

Hereni ya kawaida, ya kielektroniki, kidonge cha tumboni, au chapa?

Chapa ya moto inasaidia kujua kundi ni la nani. Haimtambulishi mnyama mmoja mmoja, kwa hiyo haitoshi.

Hereni ya kawaida inasomeka kwa macho bila mashine. Taabu yake ni kunakili. Mtu anasoma namba ndefu kwenye sikio linalotikisika, anamtajia mwenzake, mwenzake anaandika kwenye karatasi, jioni mwingine anaichapa kwenye kompyuta. Kila mkono unaopitia unaacha makosa.

Hereni ya kielektroniki ina chipu isiyo na betri. Inaamshwa na mawimbi ya kisomeo kikisogezwa karibu, kisha inatoa namba yake. Ziko zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, kwa mawimbi ya kilohezi 134.2, na msinunue nje ya hivyo hata mkiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtafungwa na muuzaji mmoja wa visomeo.

Kidonge cha tumboni, yaani bolasi, ni kapsuli ya kauri yenye chipu. Ng'ombe akimezeshwa hutulia katika tumbo la pili. Botswana ilianza na njia hii, na faida yake ni wazi: mwizi hawezi kukikata kwa kisu na kuondoka. Lakini ukimtazama ng'ombe kwa nje hujui kama anacho au hana, bila kisomeo huna namba, na machinjioni lazima kitafutwe kitolewe. Baadaye Botswana nayo ilihamia kwenye hereni.

Uruguay tangu 2006 imewalazimisha wafugaji kuvalisha ndama hereni mbili, moja ya kusomwa kwa macho na moja ya kielektroniki. Moja ikidondoka, nyingine bado inamtambulisha. Sijaona mpango bora zaidi ya huo kwa ng'ombe wanaozurura vichakani.

Visomeo vinasoma vizuri kiasi gani kwenye kazi halisi?

Kwenye chumba cha maonyesho, asilimia mia. Mnadani ni habari nyingine. Simama kwenye ujia wa kupakilia siku ya mnada. Maksai wawili wanajisukuma pamoja, kichwa cha mmoja kimelala juu ya mgongo wa mwenzake. Hereni zote mbili zinajibu kwa pamoja, mawimbi yanagongana, na mashine inalia mara moja badala ya mbili, au inanyamaza kabisa. Matope kwenye hereni hayana neno. Vyuma vya ujia vilivyo karibu na antena vina neno, na injini ya umeme inayounguruma pembeni ina neno zaidi.

Dawa yake haina utaalamu wowote. Mtu mmoja ahesabu vichwa kwa mdomo. Idadi yake ilinganishwe na idadi iliyo kwenye kisomeo kabla lango halijafunguliwa. Kama vichwa ni 15 na kisomeo kinasema 14, kundi halitoki. Andikeni hilo kwenye taratibu za kazi, na ujia wenyewe ujengwe mwembamba kiasi cha ng'ombe mmoja kupita, ukiwa na mbao au plastiki pale penye antena.

Namba ya ng'ombe iundweje?

Kwa hereni za kielektroniki sehemu kubwa imeshaamuliwa: tarakimu 15, na zile 3 za mwanzo zinaweza kuwa za nchi (Uruguay ni 858). Zinabaki 12 za kutumia mtakavyo.

Kishawishi ni kuzijaza maana: tarakimu hizi za mkoa, hizi za wilaya, hizi za aina ya ng'ombe. Kishindeni. Wilaya hugawanywa, ng'ombe huhama, na baada ya muda namba inasema uongo. Namba iwe jina tu, maelezo mengine yakae kwenye daftari.

Kwa namba zitakazosomwa kwa macho wekeni tarakimu ya kuhakiki, inayokokotolewa kutokana na zile nyingine. Hereni za ng'ombe wa Uingereza ziliwekwa hivyo: baada ya herufi UK kuna tarakimu 6 za kundi, 1 ya kuhakiki, na 5 za mnyama. Mtu akipindua tarakimu mbili, kompyuta inagundua papo hapo badala ya miezi sita baadaye. Na namba iliyowahi kutumika isirudiwe kamwe, hata kama mwenye nayo alikufa siku ya pili.

Nani atoe taarifa, anayeuza au anayenunua?

Wote wawili. Hapa ndipo mifumo hufa, kwa hiyo nitachukua nafasi.

Taarifa ya upande mmoja haina wa kuisahihisha. Muuzaji akisema wameondoka 20 na mnunuzi akisema wamefika 19, mmeshajua kuna jambo. Akinyamaza mmoja, ng'ombe anabaki hewani: ametoka kwa huyu, hajafika kwa yule. Mfumo unatakiwa kuwaorodhesha wa hewani kila asubuhi, na awepo mtumishi ambaye kazi yake ni kuwapigia simu wahusika. Msipoajiri mtu wa kazi hiyo, baada ya mwaka mtakuwa na maelfu ya ng'ombe wa hewani na hakuna atakayeuamini mfumo tena.

New Zealand ilianzisha mfumo wake kwa ng'ombe Julai 2012. Ilikuwa na hereni za kielektroniki, kanzidata (hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta) nzuri na sheria. Julai 2017 ikagunduliwa bakteria ya Mycoplasma bovis kwa ng'ombe wa maziwa. Wafuatiliaji walipoufungua mfumo wakakuta safari nyingi hazikuwahi kuandikwa. Ikabidi wawahoji wafugaji na kupekua makaratasi yao, shamba kwa shamba, huku ugonjwa ukiendelea kutembea. Mei 2018 iliamuliwa uangamizwe kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 886 za nchi hiyo kwa miaka 10, na mwaka huohuo bunge likakaza sheria ya ufuatiliaji. Mitambo haikuwa na kasoro kubwa. Kilichokosekana ni desturi ya kutoa taarifa, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amewabana watu kwa kutotoa.

Namna rahisi ya kupunguza mzigo ni kuupeleka kwa wenye vifaa. Ng'ombe anapopita mnadani, mnada usome hereni mara moja na kutuma taarifa kwa niaba ya muuzaji na mnunuzi pia. Machinjio nayo ifunge hesabu ya kila mnyama aliyeingia. Hivyo mfugaji anabaki na safari zile tu za kutoka zizi hadi zizi, pamoja na vizazi na vifo.

Vifo, kwa taarifa yenu, ndivyo husahaulika kuliko vyote. Ndama aliyekufa hana bei, kwa hiyo hana anayemkumbuka. Ukikuta daftari lina ng'ombe wa miaka 27, jua kuna mizimu humo ndani.

Kwetu hakuna mtandao. Itakuwaje?

Programu ya simu iwe na uwezo wa kuhifadhi taarifa na kuzituma pale itakapopata mawimbi. Kwa mwenye simu ya kitochi, iwepo menyu ya nyota na reli au ujumbe mfupi. Kwa asiye na simu, awepo wakala: ofisa mifugo, duka la dawa za mifugo, chama cha ushirika.

Mafundi, sikilizeni hapa. Tarehe ng'ombe alipohama na tarehe taarifa ilipofika ni vitu viwili, viwekeeni nafasi mbili tofauti. Taarifa zitafika zikiwa zimepishana: ya kufika itatangulia, ya kuondoka itafuata siku nne baadaye, na katikati kutakuwa na ya kuchinjwa. Mfumo unaokataa taarifa kwa sababu "ng'ombe huyu hayupo hapo" utawafundisha watu kudanganya tarehe. Upokee kwanza, uweke alama ya mashaka, ukwamue baadaye.

Nina ng'ombe wanne tu. Nami nimo?

Umo. Ugonjwa haujui idadi. Lakini usitarajiwe kununua kisomeo wala kujaza fomu ndefu. Kwako wewe taarifa ya kuhama isizidi kubonyeza vitufe vichache kwenye simu. Ikizidi hapo, kosa ni la waliojenga.

Na wafugaji wanaohamahama na malisho?

Hawa mfumo uliotengenezwa kwa mashamba yenye uzio hauwafai. Ukiwaambia waripoti kila siku kundi linapolala, hawataripoti hata siku moja, na watakuwa na haki. Kinachofanya kazi ni kuandikisha maeneo makubwa (malisho ya masika, malisho ya kiangazi, njia za mifugo, mabwawa) na kuripoti kundi zima linapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine. Ndani ya eneo moja chukulieni kwamba makundi yote yamechangamana, kwa sababu kwenye maji kweli yanachangamana. Ng'ombe mmoja mmoja aandikwe pale anapoliacha kundi, yaani akiuzwa, akitolewa mahari, au akienda machinjioni. Picha haitakuwa kali kama ya ranchi, lakini itakuwa ya kweli.

Hereni nani azilipie?

Uruguay serikali iliwapa wafugaji hereni bure. Kwingineko mfugaji hununua mwenyewe, au kuna tozo kwa kila ng'ombe anayechinjwa. Mimi naegemea upande wa serikali kulipia miaka ya mwanzo, kisha gharama ihamie machinjioni, mahali ambapo ng'ombe ameshageuka kuwa fedha. Kumdai mfugaji siku ndama anapozaliwa ni kumwomba amfiche ndama.

Hii si njia ya kutuhesabia ng'ombe ili watutoze kodi?

Swali halali, na kulijibu kwa tabasamu hakutoshi. Marekani ilijaribu mpango wa taifa wa kutambua mifugo na Februari 2010 ikauacha, baada ya wafugaji wengi kuukataa. Hofu ya taarifa zao kuishia mikononi mwa wasiohusika ilikuwa miongoni mwa sababu. Jibu la kweli liko kwenye sheria: iandikwe kwamba taarifa ni za afya ya mifugo na biashara yake, itajwe nani anaruhusiwa kuona nini, na kila anayefungua ukurasa wa mfugaji jina lake libaki kwenye kumbukumbu. Mfugaji naye awe na uwezo wa kuona nani aliangalia. Kama serikali inakusudia kutoza kodi kwa kutumia mfumo huu, ni heri iseme mapema na ivune uadui wake mapema.

Kufungua baadhi ya taarifa kwa umma kunawezekana bila kumwanika mtu. Japani, baada ya kichaa cha ng'ombe kuingia 2001, ilimpa kila ng'ombe namba ya tarakimu 10, na mnunuzi wa nyama anaweza kuitafuta mwenyewe akaona tarehe ya kuzaliwa, jinsia, aina na safari za mnyama yule.

Utakomesha wizi?

Utaupunguza pale tu mnada na machinjio zitakapokataa ng'ombe asiye na namba, au mwenye namba inayosema yuko kwingine. Mwizi hukata hereni. Ng'ombe asiye na hereni akiwa hauziki, mwizi atakuwa ameiba mzigo tu.

Kwa nini tusiweke GPS, au blokicheni?

GPS, kifaa kinachoonyesha mnyama alipo kwa msaada wa satelaiti, inataka betri na mawimbi kwa kila ng'ombe, kwa miaka yote ya uhai wake. Inafaa kwa mnyama wa thamani kubwa, si kwa taifa. Blokicheni, yaani daftari la kompyuta linalotunzwa na wengi kwa pamoja na lisilofutika kirahisi, inawafaa watu wasio na msimamizi wanayekubaliana. Hapa msimamizi yupo kisheria, na makosa ya kuchapa yanatakiwa yasahihishike. Kanzidata ya kawaida inatosha.

Mkataba wa kampuni itakayojenga uwe na nini?

Taarifa ni mali ya taifa, na zitolewe zote kwa mfumo unaosomeka siku yoyote zikiombwa. Programu iwe ya taifa pia, au angalau nakala yake. Anayeuza hereni asiwe huyohuyo anayemiliki kanzidata. Na fedha za miaka 10 ya uendeshaji (simu za msaada, visomeo vinavyoharibika, mafunzo) zipangwe kabla ya kuzindua, kwa sababu wafadhili hupenda kuzindua.

Tutajuaje kama unafanya kazi?

Kwa kuupima. Australia ina kipimo kilichoandikwa: mganga mkuu wa mifugo akishajulishwa, ndani ya saa 24 iwezekane kujua kila mahali mnyama fulani alipoishi katika siku 30 zilizopita. Chukueni ng'ombe mmoja machinjioni bila kumwambia mtu, anzeni kuhesabu saa. Mwandikieni orodha ya alipopita na wanyama aliochangamana nao, kisha mtu aende kwa miguu akahakikishe. Fanyeni hivyo kila robo mwaka, kwa ng'ombe kadhaa wa mikoa tofauti, matokeo yabandikwe ukutani. Idadi ya hereni zilizovalishwa, ambayo ndiyo hupendwa kwenye ripoti, haipimi lolote.

Hereni ikidondoka nifanyeje?

Mfugaji: toa taarifa, uvalishe nyingine kabla ng'ombe hajaondoka zizini. Wajenzi: namba mpya iunganishwe na ile ya zamani ili historia isikatike. Ng'ombe asiye na hereni hata moja, akiwa katikati ya wenzake wenye nazo, anaweza kutambuliwa kwa kutoa waliobaki mmoja mmoja kwenye orodha. Wakiwa wawili wasio nazo, wa rangi moja na umri mmoja, waandikeni kama wasiojulikana asili na muwazuie kusafiri hadi daktari wa mifugo aamue, msikisie.